Waya aliowekewa mtoto kichwani wakati wa leba: kidonda chake kinaweza kuleta maradhi?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni Mtanga, naishi Ohio, Marekani, na mume wangu. Leo ni siku ya tano tangu nijifungue mtoto wa kiume, uzazi wangu wa kwanza. Chupa ilipasuka mapema, na tangu hapo hadi mtoto kutoka zilipita kama saa 20. Mapigo yake yakawa yanapotea kwenye mashine ya tumboni, wakaniomba wamwekee waya kichwani kwa kupitia njia ya uzazi, nikakubali. Alilia vizuri, na ananyonya. Ila pale waya ulipokuwa, karibu na kisogo, pana kigaga kidogo, na tangu jana naona pameinuka na pana wekundu. Mama ananiambia kwa simu nipake mafuta ya nazi yenye mvuje. Na keshokutwa, siku ya saba, tumepanga kumnyoa nywele kwa akika. Je, waya ule unaweza kumwambukiza mtoto? Nilikosea kukubali?"

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Mungu akukuzie.

Naanza na la kufanya, maelezo yatafuata. Mpigie daktari wa mtoto leo hii, usingoje siku ya saba. Mwambie hivi: mtoto ana siku tano, wakati wa leba aliwekewa waya kichwani, na pale ulipomchoma pameinuka na pana wekundu. Usidhani hayo atayaona kwenye faili. Anayempima mtoto mara nyingi siye aliyekuzalisha, na alama yenyewe ni ndogo, imefichwa na nywele. Jina la kifaa utalikuta kwenye karatasi ulizopewa ulipotoka hospitali, nenda nazo.

Ukiona mtoto amegoma kunyonya, analala mno hata kumwamsha ni kazi, anapumua mbio, anashtukashtuka mwili, au joto lake limefika nyuzi 38, ambazo kwenye vipimajoto vya huko husomeka 100.4, hapo acha simu, nenda idara ya dharura. Kwa mtoto wa chini ya mwezi mmoja homa haisubiriwi hata iwe usiku wa manane. Mwili kupoa kuliko kawaida nayo ni dalili ile ile, maana mtoto mchanga mwenye maambukizi wakati mwingine hapati homa kabisa, hupoa na kulegea.

Kunyoa kuahirishe. Nitalirudia hilo.

Sasa huo waya. Ncha yake ni sindano nyembamba iliyojiviringa kama springi ya kalamu. Mkunga au daktari huifikisha kwa vidole hadi kichwani kwa mtoto, akaizungusha kidogo ikashika ngozi. Inaingia kama milimita 2 tu. Ili hilo liwezekane lazima chupa iwe imepasuka na mlango wa kizazi uwe umefunguka angalau sentimita 2 au 3. Faida yake ni kwamba inasoma umeme wa moyo wa mtoto moja kwa moja. Mashine ya tumboni hutegemea mawimbi ya sauti yanayopita kwenye tumbo la mama, kwa hiyo mama akigeuka, au mtoto akihama kidogo, mapigo hupotea kwenye karatasi hata kama moyo unapiga vizuri. Aliyefungua njia ya upimaji huu ni Dkt. Edward Hon, alipokuwa Chuo Kikuu cha Yale huko huko Marekani, na hiyo ncha ya springi ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Njia ya uzazi ya mwanamke mwenye afya ina vijidudu vyake vya kawaida, na hakuna aibu wala uchafu ndani yake. Mtoto hupita humo kila siku duniani kote bila kudhurika, kwa sababu ngozi yake nzima ni ukuta. Waya unaacha tundu kwenye ukuta huo. Tundu ni dogo, ila limefanywa mahali palipolowa maji ya uzazi, na kichwa kinabanwa pale pale kwa saa kadhaa. Kadiri chupa inavyokuwa imepasuka kwa muda mrefu, na vipimo vya vidole vinavyorudiwa, ndivyo vijidudu vinavyopanda juu. Kwako zilipita saa 20. Mpaka ambao madaktari wengi huutumia kuanza kumwangalia mtoto kwa jicho la tahadhari ni saa 18, waya uwepo usiwepo. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka aonwe leo.

Kinachotokea mara nyingi, kama kitatokea, ni jipu la kichwani. Huanza siku ya tatu au ya nne, ingawa lingine hujitokeza hata baada ya wiki mbili. Ngozi inainuka pale pale kwenye tundu, inakuwa nyekundu na ngumu kidogo, kisha inalainika na kutunga usaha. Ukipeleka usaha huo maabara, kwa kawaida hawamkuti kijidudu mmoja: utakuta stafilokokasi wa ngozini pamoja na wale wa njia ya uzazi, wakiwemo wasiohitaji oksijeni. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1977 ulifuatilia watoto 929 waliowekewa waya, na 42 kati yao wakapata jipu, yaani kama wanne na nusu katika kila 100. Ripoti nyingine nyingi zimekuta wachache zaidi, chini hata ya mmoja katika 100. Majipu mengi huwa madogo, na yanapona kwa kusafishwa vizuri. Lililotunga usaha mwingi hupasuliwa kidogo na daktari, na mtoto akapewa antibiotiki kama wekundu unasambaa au anaonekana mgonjwa.

Usilikamue. Ngozi ya kichwa cha mtoto mchanga ni nyembamba na chini yake pana mfupa laini, na kubinya kunasukuma usaha ndani badala ya nje. Imeandikwa juu ya watoto wachache ambao maambukizi yalishuka hadi kwenye mfupa wa fuvu, yakaingia kwenye damu, au yakafika kwenye utando wa ubongo. Ni nadra sana. Nakutajia ili ujue kwa nini daktari ataligusa jipu hilo kwa uangalifu, pengine akataka na damu ya mtoto ipimwe.

Huenda pia wakakuambia si jipu kabisa, nawe utakuwa umefanya vyema kwenda. Kichwa cha mtoto aliyepita leba ndefu kina uvimbe wa namna nyingi. Upo ule wa maji unaoonekana tangu anapozaliwa, laini, umetanda, ukiubonyeza unabonyea, nao hupotea ndani ya siku chache. Upo wa damu iliyovia juu ya mfupa, unaoanza kuonekana baada ya saa kadhaa au siku ya pili, una ukingo, na huchukua wiki kadhaa kunywea. Huo nao haufai kutobolewa. Alama ya waya peke yake ni kigaga kikavu kama cha mchubuko, kinachozidi kusinyaa kila siku. Chako kinakua badala ya kusinyaa, na ndipo wasiwasi wangu unapotoka.

Hapa naomba unisome polepole, maana lipo jambo linaloniogopesha kuliko jipu: kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri. Ni kirusi cha kawaida mno. Watu wengi walionacho hawajui, kwa kuwa hawakuwahi kuona kidonda, au waliona mikwaruzo midogo wakadhani ni fangasi. Mama anaweza kuwa anakitoa kwenye njia ya uzazi siku ya kujifungua akiwa hana dalili yoyote. Mtoto mwenye ngozi nzima mara nyingi huvuka. Mtoto mwenye tundu kichwani amefunguliwa mlango. Utafiti uliofanywa Seattle na kuchapishwa mwaka 2003 uliwakuta wanawake 202 waliokuwa wakitoa kirusi hicho wakati wa kujifungua, na watoto wao 10 wakaambukizwa. Waliowekewa waya walikuwa na uwezekano wa kuambukizwa unaokaribia mara 7 ya wenzao. Hatari kubwa zaidi iko kwa mama aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa ujauzito, kwa sababu mwili wake haujapata muda wa kutengeneza kinga na kumpitishia mtoto. Mama aliyekuwa nacho miaka mingi amekwisha kumpa mtoto sehemu ya kinga hiyo kupitia kondo la nyuma, na mtoto wake huambukizwa kwa nadra.

Kwa macho, malengelenge hayafanani na jipu. Ni vipele vidogo vyenye maji, vimekusanyika kama shanga, chini yake pekundu. Vikipasuka vinaacha kidonda kibichi chenye ukoko. Vinapenda kuanzia pale pale waya ulipochoma, kwa kawaida kati ya siku ya tano na wiki ya tatu, na vinaweza kuonekana pia kwenye macho au mdomoni. Wapo watoto wasiotoa kipele hata kimoja: wanalegea tu, wanakataa titi, wanapata degedege. Ugonjwa huu ukisambaa mwilini bila dawa huua watoto wengi wanaoupata, kama 85 katika 100. Dawa ipo, asaiklova, hupitishwa kwenye mshipa kwa siku 14 hadi 21, na inafaa zaidi ikianza mapema, hata kabla majibu ya maabara hayajarudi. Kwa hiyo daktari akichukua majimaji ya kidonda kwenda kupima bakteria, muulize kwa adabu kabisa: "Je, tupime na kirusi cha malengelenge?" Atakuuliza kama wewe au mume wako mmewahi kuwa na vidonda sehemu za siri. Jibu kweli, hata kama ni jambo la miaka kumi nyuma, hata kama itabidi uombe kuzungumza naye peke yako.

Kirusi cha jamii hiyo hiyo hukaa kwenye midomo. Mgeni mwenye kidonda cha homa mdomoni asimbusu mtoto, awe shangazi, awe bibi. Hili nalisema kwa kila mzazi.

Kuhusu VVU na homa ya ini B, ulipimwa kliniki ulipokuwa mjamzito, na majibu yako yamo kwenye rekodi. Kwa mama mwenye VVU, miongozo ya kuzuia maambukizi kwenda kwa mtoto, ya kwetu Tanzania na Kenya ikiwemo, inawataka wahudumu waepuke kumtoboa mtoto ngozi wakati wa leba na kupasua chupa bila sababu ya lazima. Homa ya ini nayo inahesabiwa hivyo hivyo. Mtoto ambaye huenda ana tatizo la damu kutoganda hawekewi waya kwa sababu ya kutokwa damu, wala yule ambaye hajatimiza wiki 34, wala anayetanguliza uso. Kama wewe huna lolote kati ya hayo, ukurasa huu ufunge.

Pengine waliwahi kukuambia una streptokokasi wa kundi B, kile kipimo cha pamba wanachofanya huko wiki ya 36 au 37. Akina mama wengi hudhani waya ndio ungempelekea mtoto. Vyama vya madaktari wa uzazi vya Marekani na Uingereza havijakataza waya kwa mama mwenye bakteria hao. Cha muhimu ni antibiotiki aliyopewa mama kwenye mshipa wakati wa leba. Angalia kwenye karatasi kama ulipewa, na saa ngapi kabla ya mtoto kutoka. Daktari wa mtoto atalitaka jibu hilo.

Nawe pia ujiangalie. Ukipata homa, maumivu ya tumbo la chini yanayozidi, au damu ya uzazi ikawa na harufu mbaya, rudi hospitali. Wakati mwingine pamoja na waya huwekwa mpira mwembamba ndani ya kizazi wa kupima nguvu ya uchungu, na huo umehusishwa na homa kwa mama. Uholanzi waliujaribu kwa wanawake 1,456, wakachapisha mwaka 2010: haukupunguza upasuaji wala kuwaletea watoto nafuu yoyote ukilinganishwa na mkanda wa tumboni. Mpira huo naona sababu ya kuuwekea swali mara mbili kabla ya kuukubali.

Sasa mama. Mpelekee salamu zangu, na umwambie kwa heshima kwamba kidonda hiki kibaki kikavu na wazi. Mafuta ya nazi hayana ubaya kwenye ngozi nzima ya mtoto, lakini juu ya tundu lenye wekundu yanaziba, yanashikilia uchafu, na yanamfichia daktari anachotaka kukiona. Mvuje usiguse kidonda hata kidogo. Kama kwenu ni lazima uwepo, uufunge kitambaani uuning'inize mlangoni. Wanja, unga, dawa ya meno, maziwa ya titi, vyote mbali na hapo. Nawa mikono kabla ya kumshika, yaani kwa sabuni na maji yanayotiririka, futa kichwa chake kwa maji safi ya uvuguvugu na kitambaa kisafi, kausha kwa kugusagusa, basi.

Na akika. Wembe ukipita juu ya kidonda kile utaondoa kigaga, utafungua tundu upya, na kama pana usaha au malengelenge utayasambaza kichwa kizima. Kuchinja kunaweza kuendelea keshokutwa kama mlivyopanga, na jina mkampa. Kwa kunyoa, masheikh wengi wanaruhusu siku ya 14 au ya 21. Muulizeni wa msikiti wenu, mwelezeni kuna kidonda. Daktari akishasema pamepona, mnyoeni kwa wembe mpya ambao haujamgusa mtu, na sadaka ya fedha kwa uzito wa nywele itatoka siku hiyo.

Umeniuliza kama ulikosea kukubali. Hapana mwanangu. Mapigo yalikuwa yanapotea katikati ya leba ndefu, na wahudumu walikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kuyapata mapigo kwa uhakika, au kukisia. Wakikisia, wengi hukimbilia kisu. Ulikubali jambo lenye sababu.

Ninachokitetea ni kingine: waya usiwe mazoea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, halipendekezi mashine isiyokatika, yaani ya kupima mapigo mfululizo, kwa mama mwenye afya ambaye uchungu umeanza wenyewe. Linapendekeza kusikiliza mapigo kwa vipindi, kila dakika 15 hadi 30 uchungu ukishakolea, na kila dakika 5 mama anaposukuma, kwa kifaa kidogo cha mkononi au kwa ile pembe ya mkunga ambayo bibi yako kule Tanga bila shaka aliwekewa tumboni. Majaribio 13 yenye wanawake zaidi ya 37,000 yamewekwa pamoja: mashine isiyokatika ilipunguza degedege za watoto wachanga kwa nusu, lakini vifo havikupungua, na waliopasuliwa waliongezeka sana. Kwetu huku waya wa kichwani ni nadra kuuona, na haujawa pengo kubwa. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, imekuwa mojawapo ya mahali palipojaribiwa kifaa kiitwacho Moyo, cha Laerdal Global Health ya Norwei, kinachofungwa tumboni kwa mkanda na kusoma mapigo bila kumtoboa mtoto.

Ukijaliwa mimba nyingine, uyazungumze haya kliniki kabla ya siku yenyewe, wakati kichwa chako kimetulia. Waambie kwamba mashine ya tumboni ikipoteza mapigo, kwanza waihamishe mkanda, wakugeuze ubavu, au mkunga ashike kifaa kwa mkono. Wakifika kwenye waya, waulize wameona nini hasa kwenye mapigo, na wewe uwakumbushe kama umewahi kuwa na malengelenge. Na mtoto akizaliwa, waombe wakuonyeshe tundu lilipo kabla hamjatoka leba, ulijue.

Kwa sasa, kila asubuhi mpeleke mtoto dirishani kwenye mwanga, mtenganishe nywele, upige picha ya mahali pale kwa umbali ule ule. Fanya hivyo hadi atimize wiki tatu, hata kama leo watakuambia ni kigaga tu. Picha ya leo ipige kabla hujampigia daktari, maana atakuuliza panafananaje.